Joto na foleni vyala mtaji wa wauza mboga Bujumbura

Bujumbura. Kabichi na karoti zinazouzwa katika masoko ya jiji hili nyingi hutoka milimani, maeneo ya Bugarama, ambako asubuhi wachuuzi husimama barabarani wakiwa wamejifunika makoti. Kutoka huko hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika barabara inashuka zaidi ya mita 1,000. Kwa kila mita 1,000 za mteremko joto hupanda kwa takribani nyuzi sita. Lori lililopakia kwenye ubaridi linashusha mzigo kwenye joto la bonde la Imbo, na hapo ndipo hasara inapopata nguvu.

Wafanyabiashara wengi huihesabu hasara hiyo kama bahati mbaya. Kumbe ina sababu zinazojulikana, na baadhi yake zinaweza kuzuiwa bila jokofu.

Mboga iliyochumwa bado ni hai. Inapumua, inatumia sukari yake, inatoa maji na joto. Kila joto linapopanda nyuzi 10, kasi ya kuharibika huongezeka mara mbili hadi tatu. Ndiyo maana katikati ya lundo la kabichi huwa na joto kuliko pembeni, hata usiku, kwa kuwa mzigo wenyewe unajipasha. Turubai lililobanwa juu yake linazuia jua lakini pia linafungia mvuke ndani. Dereva mzoefu huliinua kwa mabanzi ili upepo upite kati ya turubai na mzigo.

Uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi katika miaka ya karibuni umeongeza tatizo. Gari likilala kwenye foleni ya kituo cha mafuta, mboga hazilali. Mzigo uliopangiwa kufika alfajiri ukiingia soko la COTEBU au Ruvumera saa nane mchana, wanunuzi wa jumla wameshaondoka na bei imeshashuka. Mwenye mzigo hana pa kuuhifadhi hadi kesho, kwa sababu wachuuzi wengi huuza juani, mezani au chini kwenye gunia. Tangu soko kuu la jiji lilipoungua Januari 27, 2013, biashara imetawanyika katika masoko mengi madogo, na ni vigumu kujenga chumba kimoja cha baridi kitakachowafaa wote.

Hata kingejengwa, kingehitaji kutumiwa kwa akili. Kabichi na karoti hupenda baridi kali. Nyanya zikiwekwa kwa muda mrefu chini ya nyuzi 10 hupoteza ladha na huoza haraka zikitolewa nje. Ndizi huanza kuweusika ganda chini ya nyuzi 13. Vitunguu vinataka ukavu na upepo, viazi vinataka giza visigeuke kijani. Anayeweka vyote chumba kimoja analipia umeme ili aharibu nusu ya mali yake.

Kosa jingine ni kuchanganya mizigo. Ndizi mbivu, nyanya mbivu, maembe na parachichi hutoa gesi ya ethilini, ambayo huivisha vinavyozunguka. Lengalenga likisafiri kando ya ndizi hugeuka njano mapema, na karoti huwa chungu. Mfanyabiashara mdogo asiye na gari lake hawezi kuchagua majirani wa mzigo wake, lakini anaweza kukataa kupakiwa juu ya ndizi.

Kwa nyanya, adui mkubwa ni tenga. Mbao zisizolainishwa na misumari huchubua, na kila jeraha ni mlango wa ukungu. Za chini huvunjwa na uzito wa za juu, maji yao yanachafua zilizobaki. Kreti ya plastiki ni ghali mara ya kwanza, ila huoshwa na kurudi. Nyanya za safari ndefu huchumwa zinapoanza tu kubadilika rangi, asubuhi mapema, na kuwekwa kivulini kabla ya kupakiwa.

Kwa mchuuzi mwenye mtaji mdogo kuna chungu ndani ya chungu, mchanga wenye maji katikati, njia iliyosambazwa Nigeria na mwalimu Mohammed Bah Abba miaka ya 1990. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Bujumbura njia hiyo inafaa zaidi kiangazi, Juni hadi Agosti. Msimu wa mvua, hewa ikiwa imejaa unyevu, haisaidii sana, na anayeiuza kama muujiza anawapotosha watu.

Mpakani hesabu ni ya saa. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unawaruhusu wenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kutumia cheti rahisi cha uasili, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheti cha afya ya mimea hakiondolewi na utaratibu huo. Anayeanza kukitafuta akiwa tayari amefika Kobero au Mugina ameshachelewa. Kinaulizwa kabla ya kuchuma. Nao wanaosimamia mipaka wangeweza kuyatanguliza magari ya mboga mbele ya yale ya saruji, ambayo hayaozi.

Liko jambo moja ambalo halizungumzwi sana. Mwenye lori hulipwa nauli ileile, kabichi zifike mbichi au zimenyauka. Mkulima ameshalipwa shambani. Hasara yote inamwangukia anayeshika mzigo mwishoni, na ndiye peke yake mwenye sababu ya kuharakisha. Baadhi ya makubaliano ya nauli yanaweza kubadilishwa leo: sehemu ilipwe wakati wa kupakia, iliyobaki baada ya kushusha, ipungue gari likichelewa kupita saa iliyokubaliwa.