Mtoto Hana Hatia

Wako watu huko Marekani wasemao ya kuwa mtoto wa mgeni asiye na kibali asipewe uraia, ingawa amezaliwa kwao. Husema, uraia si kitu cha kuokotwa njiani. Sisi twalikataa neno hili. Mwaka 1857 mahakama kuu yao ilinena ya kwamba mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia, hata akizaliwa huko. Hukumu hiyo ilibatilishwa mwaka 1868, katiba ilipoongezwa neno: azaliwaye huko, chini ya mamlaka ya nchi, ni raia. Kwa neno hilo Wong Kim Ark, mzaliwa wa San Francisco, mwana wa Wachina, alishinda mwaka 1898. Basi mzazi akikosa, na aulizwe mzazi. Mtoto hakuchagua tumbo wala nchi. Ahukumiwe kwa lipi?