Reli ya Kusini na abiria wake

Mtoto wa Rutamba akiambiwa kwamba mkoa wake wa Lindi uliwahi kuwa na treni, hudhani ni hadithi. Ilikuwepo. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Mradi ukafa mwaka 1951, reli ikabaki ikihangaika kutafuta mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Sasa inazungumzwa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, na kila mara tunasikia kwamba itabeba makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Sawa. Lakini tunaomba, tena kwa uchungu, mabehewa ya abiria yawemo kwenye mchoro tangu mwanzo, na watu wa Lindi nao wafikiwe.