Mfumo wa Hospitali Nao Upimwe Kabla ya Kutibiwa

Saa mbili asubuhi, foleni ya kliniki ikiwa imefika nje ya mlango, skrini ya mapokezi huganda. Mgonjwa hudhani karani ni mzembe. Karani hulaumu mtandao. Mwishowe seva huzimwa na kuwashwa upya. Kitendo hicho ni kama dawa ya kutuliza maumivu: huleta nafuu, lakini hakielezi ugonjwa.

Mifumo ya afya inayotumika sana Afrika Mashariki, kama vile OpenMRS, iliyoanzishwa mwaka 2004, na DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, imeandikwa kwa lugha ya Java. Programu ya Java huendeshwa na programu nyingine, yaani mashine pepe, yenye kazi mbili zinazomgusa kila anayesubiri dirishani.

Kazi ya kwanza ni kujifunza. Mfumo unapoanza, mashine pepe huitafsiri programu hatua kwa hatua, polepole, huku ikihesabu sehemu zinazotumika mara nyingi. Sehemu hizo, mathalani ile ya kutafuta jalada la mgonjwa, hugeuzwa kuwa lugha ya kompyuta yenyewe, zikaongezeka kasi. Seva ikizimwa, kwa kawaida mafunzo hayo hupotea. Kuiwasha upya wakati wa msongamano ni kuurudisha mfumo darasa la kwanza siku ya mtihani.

Kazi ya pili ni usafi. Kila jalada linalofunguliwa huchukua nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta. Likishatumika huwa taka, nayo mashine pepe huifagia. Nafasi ikiwa finyu, kufagia hakukomi, na shughuli nyingine husimama kupisha. Hapo skrini huganda. Kuzima seva huifuta kumbukumbu yote, ndiyo maana nafuu hupatikana, kisha tatizo hurejea.

Pasipo maelekezo mengine, Java kwa kawaida haivuki robo ya kumbukumbu iliyopo: seva yenye gigabaiti 8 huipa takriban 2. Kiwango kikiwa kimeandikwa katika mipangilio, kumbukumbu mpya iliyonunuliwa haitaifikia Java mpaka kibadilishwe. Kikizidi uwezo wa seva, data huhamishiwa kwenye diski na mwendo huzorota zaidi. Ni suala la dozi: pungufu haitibu, iliyozidi hudhuru.

Wapo watakaosema haya ni ya mafundi pekee. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama madhara yangeishia kwa mafundi. Muuguzi aliyechoka kusubiri huandika kwenye karatasi ili aingize jioni. Katikati ya hapo, mzio wa dawa uliomo ndani ya mfumo hauonekani, na kipimo cha dawa huweza kunakiliwa vibaya.

Kwa hiyo hospitali isinunue wala kuzima kitu kabla ya kupima. Java inaweza kuandika kila usafishaji, saa yake na muda uliochukua. Fundi auruhusu uandishi huo. Wahudumu nao waandike saa ambazo skrini iliganda. Saa zikilingana, tatizo ni kumbukumbu. Zisipolingana, uchunguzi uhamie kwenye hifadhidata au mtandao. Kuzima kunakolazimu kufanyike usiku. Hakuna daktari anayeridhika kumpa mgonjwa yuleyule dawa ya maumivu kila asubuhi bila kumchunguza. Mfumo unaobeba taarifa za wagonjwa wote unastahili uangalifu uo huo.