Mgusii ana hasira, Mpwani ni mpole: kipimo hiki ni cha nani?

Kila msimu wa kampeni, maneno yale yale hurudi jukwaani. Mgeni akishuka Kilifi au Kwale hutusifu kwanza: Wapwani ni wapole. Akipanda hadi Masimba, kule Nyaribari Masaba katika kaunti ya Kisii, wimbo hugeuka: Wagusii ni watu wa hasira, msiwachezee. Kote hupigiwa makofi. Lakini vipimo hivi vya tabia vimewahi kuendesha dola.

Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, akihimizwa na mtabiri Moraa wa Ng'iti, alimchoma mkuki ofisa Mwingereza, Geoffry Northcote. Wakoloni wakaona kabila kali linalohitaji adabu. Askari wa KAR wakachoma nyumba, wakaua watu wengi, wakaswaga ng'ombe. Msafara wa kijeshi wa 1905, uliokwisha kuua na kupora huko huko, haukutiwa kwenye mizani. Hata Winston Churchill, aliyekuwa waziri mdogo wa makoloni, alihoji kwa nini watu wasio na kinga wanauawa kwa wingi vile. Basi watu wale wale walikuwa wakali Kisii na wanyonge London.

Huku kwetu kipimo kilikuwa kingine: Mgiriama mvivu. Serikali ilitaka vibarua wa mashamba ya walowezi, naye hakwenda. Lakini Wagiriama walikuwa wakilima mahindi bonde la Sabaki na kuyauza. Mwenye ghala lake aliache akashike jembe la mwingine kwa ujira wa kijungujiko, kwa nini? Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipowaapisha watu wasitii, serikali ikashtuka. Ikamhamishia Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Yaani hao "wavivu" wakafungwa kwa "wakali". Januari 1914 wakatoroka, wakarudi Ugiriama kwa miguu, mamia ya kilomita. Uvivu gani huo!

Sisemi mataifa hayana tabia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilimpa Ruth Benedict kazi ya kuwachambua Wajapani, naye hakuwahi kufika Japani. Kitabu chake cha 1946 kinasomwa hadi leo. Ila anayepima huwa na haja yake, na mara nyingi haja hiyo ni kutawala.

Kwa sensa ya 2019, kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Ndugu wanne wakigawana ekari moja ya baba yao, mpaka ukisogezwa hatua mbili ni kesi. Hiyo ni hasira ya Kigusii au ni hesabu ya ardhi? Na upole wetu je? Tangu sheria ya hatimiliki ya 1908, iliyofanya ardhi ya Pwani isiyodaiwa rasmi kuwa ya serikali ya kikoloni, kuna familia zinazoitwa maskwota pale pale walipozikwa babu zao. Zinaambiwa zingoje, kisha zinasifiwa kwa subira. Mwanasiasa akija tena na sifa hiyo, aulizwe kwanza hati zinatoka lini.