Betri si Jiwe

Tangu Septemba 2023, Rais William Ruto alipozindua mjini Mombasa mpango wa kitaifa wa usafiri wa umeme, mjadala umehusu zaidi bei, kodi na vituo vya kuchajia. Hapana shaka hayo ni muhimu. Lakini lipo jambo ambalo halijapewa uzito, nalo linawahusu mno wakazi wa Kilifi, Watamu na Malindi, ambako bodaboda na tuktuk ni tegemeo la wengi. Chombo cha umeme kikishapitwa na muda wa dhamana, atakayeifungua betri yake aghalabu ni fundi wa kando ya barabara, na maelezo aliyoandikiwa, kama yapo, ni ya Kichina au Kiingereza.

Wazee wetu waliziita betri za tochi na redio mawe. Jiwe likiisha nguvu lilianikwa juani lipate uhai wa siku mbili tatu. Likipachikwa kinyume, redio ilinyamaza tu. Tabia husafiri pamoja na neno. Seli ya lithiamu, ambayo kampuni ya Sony ya Japani iliiingiza sokoni mwaka 1991, haina uvumilivu huo. Ikijazwa kupita volti 4.2, au ncha zake mbili zikigusanishwa, huweza kupata joto linalozaa joto zaidi, hata ukazuka moto mgumu kuzimika. Na bodaboda wengi hulala na vyombo vyao ndani ya nyumba.

Ndiyo maana betri ya volti 48, yenye seli 13 zilizofuatana, huwekewa kibao cha saketi ambacho ningependa tukiite kidhibiti betri. Hupima kila seli peke yake, na hukata umeme mojawapo inapojaa au kuisha kupita kiasi. Kwa seli 13 zipo nyaya nyembamba 14: wa kwanza huungwa kwenye ncha hasi ya seli ya kwanza, na kila unaofuata kwenye ncha chanya ya seli yake, kwa zamu. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi, kibao huweza kuungua papo hapo. Fundi mwangalifu huunga kwanza waya mnene wa hasi, kisha hupima kwa mita kila tundu la plagi kabla ya kuichomeka. Kila hatua sharti iongeze volti za seli moja, si zaidi wala si pungufu. Hewa yetu ya chumvi nayo hula viungo, kwa hiyo kipimo hicho hurudiwa.

Tena zipo seli za lithiamu zenye chuma na fosfeti, ambazo hujaa kwenye volti 3.65. Zikifungiwa kidhibiti na chaja za zile za 4.2, zitajazwa kupita kiasi pasipo kibao kung'amua kosa lolote.

Msomaji ameyapata hayo yote kwa Kiswahili cha kawaida. Asiniambie mtu, basi, kwamba lugha yetu haina uwezo. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zitakazomwezesha kunufaika nayo kikamilifu, na ya kulindwa afya na usalama wake. Habari iliyo katika lugha asiyoisoma ni habari gani?

Yawezekana kampuni zinazokodisha betri zikasema kuwa asiye wao asizifungue. Hoja hiyo ina mashiko palipo na kituo chao karibu. Lakini kwa aliyenunua betri yake mwenyewe, au kijana anayejiundia baiskeli ya umeme au ubao wa magurudumu, haina maana.

Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lingeweza kudai ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye mchoro wa nyaya zilizopewa nambari, uambatane na kila kidhibiti kinachoingia nchini. Vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo Katiba imezikabidhi serikali za kaunti, havina haja ya kungoja: vinahitaji mita moja, seli 4 na mwalimu asemaye lugha ya wanafunzi wake.