Vifuko vya Bakteria Visidharauliwe
Bakteria wa homa ya uti wa mgongo wa kundi B hujivika ganda la sukari lifananalo mno na sukari za neva za binadamu, hata kinga ya mwili hulipuuza. Ndiyo maana wataalamu wa Cuba na Norway waligeukia vifuko vya utando wake wa nje, vyenye protini, visivyoweza kuzaana. New Zealand ilivitumia tangu 2004. Kweli, vililenga aina moja tu. Hata hivyo, utafiti wa huko uliotolewa 2017 ulikadiria kuwa vilipunguza kisonono kwa asilimia 31. Ni kidogo? Kisonono kinazidi kushinda dawa! Uingereza ilianza 2025 kukikinga kwa chanjo yenye vifuko hivyo. Nchi zenye wagonjwa wengi zaidi zisiachwe nyuma katika majaribio.