VITU VYA MAKUMBUSHO VISITUPWE

Wako wanaodhani kwamba ndege waliokaushwa na maganda ya mayai yaliyomo katika makabati ya makumbusho ni vitu vya kuwafurahisha watoto wa shule tu. Sisi hatukubaliani na fikira hiyo.

Katika miaka ya 1950, kozi walianza kupungua kwa kasi nchini Uingereza, na mayai yao yakawa yakivunjika viotani. Mtaalamu Derek Ratcliffe aliyaendea mayai yaliyokusanywa tangu zamani, akayapima uzito na ukubwa. Mwaka 1967 alitangaza kwamba maganda yalianza kuwa membamba ghafla kwenye mwaka 1947, mara baada ya DDT kuanza kutumiwa kwa wingi. Pasipo mayai yale ya kale, nani angaliweza kuthibitisha kwamba ganda la babu lilikuwa nene kuliko la mjukuu? Huko Sweden nako manyoya ya ndege wa makumbusho yalionyesha kwamba zebaki ilipanda tangu miaka ya 1940, mbegu zilipokuwa zikitiwa dawa yenye sumu hiyo. Dawa ile ilipigwa marufuku huko mwaka 1966.

Mnyama mla wenzake hurithi sumu ya kila alichokila. Samaki mdogo huwa nayo kidogo, jodari zaidi, papa zaidi sana. Na papa huyo, awe mbichi au mkavu, huishia katika vyungu vyetu. Basi jambo hili si la Wazungu na kozi wao peke yao. Visiwani humu pia DDT ilinyunyizwa majumbani katika vita dhidi ya malaria.

Jumba la makumbusho la Beit el Amani, Unguja, lilifunguliwa mwaka 1925, na miongoni mwa hazina za makumbusho yetu ni chui wa Unguja aliyekaushwa, mnyama ambaye leo hata kuwapo kwake kunabishaniwa. Ngozi na manyoya ya namna hiyo hayapatikani tena kwa fedha yoyote. Lakini ngozi isiyo na tarehe wala mahali ilikopatikana haimfai mpimaji. Tena wahifadhi wa zamani walikuwa wakipaka ngozi aseniki, na pengine zebaki, ili zisiliwe na wadudu. Asiyelijua hilo aweza kuisingizia bahari sumu iliyotoka katika chupa ya mhifadhi.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika wasiruhusu kitu chochote cha aina hiyo kitupwe kwa sababu ya uchakavu, na vibandiko vyake vinakiliwe kabla wino haujafutika. Aidha, Idara ya Uvuvi ingefanya vyema kuchukua kipande kidogo cha mnofu wa papa katika madiko makubwa kila mwaka, kikaandikwa siku, mahali na urefu wa samaki, kikahifadhiwa katika barafu. Mvuvi asitozwe wala asitishwe kwa kutoa kipande hicho. Akihofu kwamba samaki wake atakataliwa sokoni, hatakitoa.